Kigogota wa Kibanjani

Jioni ya leo twapenda kuzungumza nanyi habari za jirani mmoja ambaye watu wengi wa Bukoba na Muleba humsikia, walakini ni wachache waliopata kumtazama vema. Jirani huyo hana shoka wala patasi, lakini kazi yake ni useremala, na karakana yake ni miti yetu. Huyo ni ndege aitwaye kigogota.

Twaanza kwa kisa. Nyumba yetu ipo katika nchi ya juu ya Kamachumu, wilaya ya Muleba. Asubuhi moja ya mwezi wa Juni, mvua za masika zilipokwisha na umande ukali juu ya migomba, tulisikia mtu akibisha hodi nyuma ya nyumba: ko, ko-ko, ko. Mama yetu akaitikia kwa heshima, "Karibu waitu, pita mbele." Hakupita mtu. Baada ya kitambo kidogo ikabishwa hodi tena, na mama akarudia kukaribisha. Mara ya tatu tulitoka sisi watoto wake tukazunguka nyumba, na huko hatukuona mtu ila mtoma mkavu uliosimama mpakani mwa kibanja. Juu ya mti ule alikuwapo ndege mdogo ameshika gome kama mwizi aliyeshika ukuta, anagonga.

Kwa ajili ya wasikilizaji wa nchi nyingine yafaa tueleze kibanja ni nini. Kibanja cha Mhaya ni shamba lililozunguka nyumba yake. Humo mna migomba, na chini ya migomba mna mibuni na maharage, na katikati yake mna miti mikubwa ya kivuli na ya kazi. Upo mtoma, ambao gome lake lilitengenezwa nguo za lubugo zamani. Upo mti ambao wengi huuita omuhumula, unaopendwa kwa mbao zake. Jina lake la kisayansi ni Maesopsis eminii, na limewekwa kwa kumkumbuka Emin Pasha, yule aliyeanzisha boma la Bukoba mwaka 1890, naye alikuwa mkusanyaji mashuhuri wa ndege. Nje ya vibanja kuna rweya, yaani nchi ya majani matupu. Ndege wa miti atokaye katika rweya akaona kibanja, kwake ni kama msafiri aliyeona kisiwa.

Sasa turudi kwa mgongaji wetu. Mtu akisikia kigogota hudhani kwamba kugonga kwake ni kwa namna moja tu. Sivyo. Ukitega sikio utatambua namna tatu. Ya kwanza ni kugonga kwa kutafuta chakula: gonga mara mbili, nyamaza, sogea, gonga mara moja, sikiliza. Ndege anapima kama mti una uwazi ndani, kama vile mnunuzi anavyopiga papai kwa kidole kabla ya kutoa fedha yake. Ya pili ni kugonga kwa kuchimba nyumba: pigo zito, pahali pamoja, muda mrefu, na vibanzi huanguka chini. Ya tatu ni ngoma. Hapo hagongi kwa ajili ya chakula wala nyumba. Hupiga mapigo mengi ya haraka sana yanayofuatana sawasawa, hata sikio haliwezi kuyahesabu, kisha hukoma ghafula. Ndege wengine hutangaza mipaka yao kwa kuimba. Kigogota hutangaza kwa ngoma, na huchagua tawi kavu lenye mlio mzuri.

Katika vibanja vyetu tumewaona vigogota wa aina mbili zaidi ya wengine. Wa kwanza ni yule mdogo, ambaye urefu wake ni kama sentimita 15, na uzito wake haufikii ule wa yai la kuku. Mgongo wake una mistari ya kukingama, na kifua chake cheupe kina michirizi myeusi. Dume ana rangi nyekundu utosini hata kisogoni, na paji lake ni la hudhurungi. Jike kisogo chake ni cheusi. Mtamwona hata katika matawi membamba ya mibuni. Wa pili ni mkubwa zaidi, kichwa na kifua chake ni cha kijivu, mgongo wake una rangi ya kijani, na juu ya mkia ana wekundu unaong'aa arukapo. Huyu hashindi mitini tu, bali mara nyingi hushuka chini kutafuta sisimizi na mchwa.

Kuna na ndege mwingine ambaye watu humchanganya na kigogota. Ni mnene, mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, na mdomo wake ni mkubwa wa rangi ya pembe. Huyo naye hutoboa miti mikavu afanye nyumba, lakini yeye hupenda sana matunda, na mtoma unapozaa huja kula karamu. Ukitaka kuwatofautisha, tazama mkia. Kigogota akipanda mti huegemeza mkia wake juu ya gome. Huyu mwingine hukaa juu ya tawi kama ndege wengine.

Tumeutaja mkia, basi tueleze vyombo vya fundi huyu. Manyoya ya mkia wake ni magumu, nayo ni kama mguu wa tatu wa kigoda. Vidole vya miguu yake vimegawanyika: viwili mbele, viwili nyuma, ndiyo sababu hushika gome lililosimama wima pasipo kuteleza. Ulimi wake ni mrefu kuliko mtu awezavyo kudhani. Mizizi yake imezunguka nyuma ya fuvu ikapanda juu hata kufika karibu na paji. Ndege akiisha kutoboa, huupenyeza ulimi katika njia ya mdudu, akamtoa buu aliyejificha, kama sisi tunavyochokoa kitu katika chupa kwa kijiti.

Watu wengi huuliza, Mbona kichwa chake hakiumi? Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba fuvu la kigogota ni laini kama mto, hulainisha pigo lisifike katika ubongo. Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, pamoja na wenzao, walitangaza habari nyingine. Walikuwa wamepiga picha za haraka mno za vigogota wakigonga, wakapima mwendo wa mdomo na wa kichwa. Wakaona kwamba kichwa hakilainishi pigo, bali kinakwenda kizima kama nyundo. Na hivyo ndivyo inavyofaa, maana nyundo yenye mto haipigilii msumari. Kinachomwokoa ndege ni udogo wa ubongo wake. Pigo ambalo lingemdhuru mtu halimdhuru yeye. Hapa tunapata somo la pili: habari ikisemwa na watu wengi kwa miaka mingi, bado yafaa kupimwa.

Na kupima huko kulitupasa sisi wenyewe, kwa sababu ya shauri lililoingia nyumbani kwetu.

Mtoma ule mkavu ulipandwa na babu yetu, na baada ya babu ulikuwa chini ya baba mkubwa. Mwaka ule alikuwa na mjukuu wake katika shule ya bweni, naye alipaswa kurudi shuleni mwanzo wa Julai akiwa na nauli na mahitaji yake yote. Fedha hazikutosha. Kukawa na mtu anayetafuta kuni za kuchomea matofali, akautazama mti, akataja bei, akasema atakuja Jumamosi na watu wake. Baba mkubwa akakubali.

Siku ya Alhamisi, sisi tulikuwa tumekwisha kuona tundu. Lilikuwa upande wa chini wa tawi nene, upana wake kama vidole viwili, na chini yake pametapakaa vibanzi vyeupe. Tukaona dume akiingia, na baada ya kitambo jike akija, na dume akitoka ili ampishe. Hawakubeba chakula, wala hawakutupa vibanzi tena. Tukafahamu ya kuwa mna mayai ndani, nao wanalalia kwa zamu. Tukaenda kwa baba mkubwa.

Tukamwambia, "Shikamoo, baba mkubwa. Tumekuja kukuomba habari ya mti."

"Marahaba, wanangu. Mti umekwisha kuuzwa."

"Twajua, baba mkubwa. Lakini yumo ndege aliyetaga. Twaomba usubiriwe mpaka makinda yaruke."

Mzee akacheka kidogo, kisha akakaza uso. "Ndege huyo huyo mnayemwombea ndiye aliyeua mti wa baba yangu. Kutwa kucha anautoboa. Mti gani utapona? Na mjukuu wangu, nimwambie akae nyumbani kwa ajili ya kigogota?"

Hatukuwa na jibu, maana maneno yake yalikuwa na uzito. Ada ya mtoto si jambo la mchezo, wala haifai vijana kumfundisha mzee huruma kwa mali yake. Tukaomba jambo moja tu: kwamba aje pamoja nasi autazame mti. Akaja, na fimbo yake mkononi.

Tukauzunguka. Kila tundu tuliloliona lilikuwa katika mti uliokwisha kufa. Upande mmoja, ambapo palikuwa na ukanda wa gome lililo hai bado, hapakuwa na tundu hata moja. Chini, unga wa wadudu ulikuwa umerundikana katika nyufa, na uyoga umeota shinani. Basi kigogota hakuja kabla ya ugonjwa. Alikuja baada yake, kama fundi aitwaye nyumba ikiisha kuharibika. Ndipo baba mkubwa alipoinama, akakwangua udongo shinani kwa ncha ya fimbo. Ukatokea mkaa. Akakwangua tena, ukatokea mkaa na majivu, na mizizi iliyoungua.

Akanyamaza kitambo kirefu. Sisi tulijua, na yeye alijua. Kwa miaka mingi takataka za kibanja, yaani maganda ya buni na makuti makavu ya migomba, zilirundikwa pale zikachomwa, na waliozichoma ni watu wa nyumba yetu, nasi tukiwamo. Babu aliupanda mti, na wajukuu wake tukauchoma mizizi, kisha tukamsingizia ndege.

Baba mkubwa akasema, "Basi. Mwenye kosa asimtwike mwingine." Hakusema zaidi. Akampelekea mnunuzi habari kwamba mti hautakatwa Jumamosi ile.

Hatutaki kuwaficha kwamba jambo hili lilikuwa na gharama. Mnunuzi alikubali kungoja, lakini akapunguza bei, maana, alisema, angelipa gari mara mbili. Baba yetu na ndugu zake wakachanga kilichopungua, na sisi vijana tukaenda kukata majani ya rweya kwa ujira ili tuongeze. Mjukuu akarudi shuleni kwa wakati wake. Tena tangu siku ile mtu haruhusiwi kuchoma taka chini ya mti katika kibanja chetu. Maganda ya buni na majani ya migomba hutandazwa chini ya migomba yaoze, yawe chakula cha udongo.

Na ndege je? Wanafunzi wa nyumbani walikuwa katika likizo, wakapewa kazi ya kutazama na kuandika. Waliketi mbali, chini ya mbuni, wala hawakuukaribia mti. Waliandika saa, na nani amekuja, dume au jike. Baada ya siku kadhaa wakaandika kwamba wazazi sasa wanakuja na kitu mdomoni, na kwamba ukikaa kimya wasikika makinda wakilia ndani ya mti kama mdudu avumaye. Wakaandika pia jambo walilolishangaa, nalo ni kwamba dume ndiye aingiaye tunduni jua likitua, naye ndiye alalaye humo usiku. Jambo hili wataalamu nao wameliona kwa vigogota wengi. Mtoto mmoja alikuja na manati mfukoni, na baada ya siku tatu za kutazama akaiweka katika dari bila kuambiwa na mtu.

Makinda hukaa tunduni karibu majuma manne. Siku moja asubuhi kichwa kilitokeza chenye utosi mwekundu. Msidhani kwamba lazima awe dume. Kwa aina hii ya vigogota makinda yote huwa na wekundu utosini, hata majike, mpaka wapate manyoya ya utu uzima. Kesho yake tundu lilikuwa kimya. Mnunuzi akaja, akakata mti. Lakini baba mkubwa alimwonyesha kwa fimbo mahali pa kukata, akabakiza shina refu kupita mtu, akasema hilo si la kuuza. Tawi lenye tundu likafungwa kwa kamba juu ya shina lile. Kigogota mdogo kwa desturi huchimba nyumba mpya wakati wa kutaga ukifika, wala hatukumwona akirudi katika tundu lile. Walakini halikukaa tupu. Shomoro waliingia wakaweka majani yao. Ndivyo ilivyo kwa tundu la kigogota: yeye hujenga, na wasio na mdomo wa kujengea hurithi.

Wasikilizaji, si sisi wa kwanza kumsikiliza ndege huyu. Katika Kenya, Wanandi na Wakikuyu walikuwa na desturi ya kutega sikio kwa kigogota waendapo safari, wakipima kama njia ni njema ama sivyo, A. C. Hollis aliandika desturi za Wanandi katika kitabu chake cha mwaka 1909. Sisi hatumwombi kigogota atuambie ya kesho. Lakini ukimtazama, hukuambia ya leo: kwamba katika mti huu mna wadudu, kwamba tawi hili limekufa, kwamba shina lile ni tupu ndani. Mwenye kibanja akisikia kugonga juu ya nyumba yake, na atazame juu, asije akaangukiwa na tawi.

Lakini tusimsifu kupita kiasi. Watu wengine husema kwamba kigogota atawamalizia wadudu wa kahawa. Hawezi. Kweli hula mabuu na wadudu wengi, lakini mdudu atoboaye vijiti vya mibuni hutaka kazi ya mikono: kata vijiti vilivyonyauka, vichome mbali na miti, na ufuate mashauri ya wataalamu wa Maruku. Ndege ni msaidizi; mkulima ndiye mwenye shamba.

Kwa wanafunzi twatoa kazi hii. Chukueni daftari moja. Andikeni tarehe, saa, mti gani, na kugonga kwa namna ipi katika zile tatu. Andikeni dume au jike, kama mnaweza kuwatambua. Msipande mti, msiingize kijiti katika tundu, wala msimulike ndani kwa taa. Mkiwa na daftari la mwaka mmoja, mtajua habari za kibanja chenu ambazo mtu mwingine hawezi kuwaambia. Na wale wakaao karibu na msitu wa Minziro, wilaya ya Misenyi, wana bahati kuliko sisi, maana msitu ule una aina nyingi za ndege zisizoonekana mahali pengine katika Tanzania, na miongoni mwao wamo vigogota wa msituni.

Kwa wenye vibanja twaomba neno moja. Mti uliokufa ukiwa karibu na nyumba au njia ya watoto, ukateni. Uhai wa mtu ni mbele. Lakini ukiwa mpakani, ambako haudhuru mtu, bakizeni shina. Kuni za shina moja huisha kwa siku chache. Tundu moja laweza kuwapa ndege nyumba miaka mingi.

Shina la babu yetu lingali limesimama. Karibu nalo baba mkubwa amepanda mtoma mchanga, akauzungushia miti ili mbuzi wasiutafune. Mtu akimwuliza kwa nini haondoi kigogo kile kibovu, hujibu kwamba kina mwenyewe. Na asubuhi, umande ukali juu ya migomba, ikibishwa hodi nyuma ya nyumba, mama huitikia bado, "Karibu waitu." Kisha hucheka, akaendelea na kazi yake.